Diwani wa Matuo ya Mitungi

Sitaeleza alizaliwa lini wala wapi. Yeye mwenyewe hakulipenda swali hilo, na nilipomwuliza mara ya kwanza, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na kalamu mpya mfukoni, alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. Jina lake pia silitaji. Silifichi, ila jina hilo lina mwenyewe hata leo, na mtu haingii katika nyumba yenye mwenyewe bila kubisha hodi. Nitamwita Diwani, kama tulivyomwita sote tulioishi Kitangari na Chilangala katika miaka hii ambayo bendera ya Mwingereza ingali inapandishwa kila asubuhi pale bomani Newala.

Mimi nilikuwa nikifundisha Kitangari. Yeye alikuwa mtu wa Chilangala, na aliwakilisha vijiji vya upande huo katika baraza la wilaya. Mgeni alilitambua jambo moja kwake kabla ya mengine yote: hakuwa na desturi ya kuanzisha mazungumzo, aliyaendeleza. Hata kama masika mazima yalikuwa yamepita tangu mlipoonana, angeitikia shikamoo yako, akaketi, akakunja kanzu yake magotini, akauliza, "Haya, tulifika wapi?" Ole wako kama ulikuwa umesahau, maana yeye hakusahau. Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa utu uzima. Baadaye niliona kwamba ndivyo alivyoitazama dunia yote. Kwake hapakuwa na jambo linaloanza. Palikuwa na mambo yaliyoachwa katikati, yakingoja mtu wa kuyashika.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume chake. Mfukoni alikuwa na kopo la ugoro lililojaa siku zote, na siku zote aliomba ugoro wa wenzake. Alipoulizwa la kwake ni la nini, alijibu, "Hili ni la siku nitakapokosa watu." Barazani aliwakemea wasemaji warefu, na makemeo yake yalikuwa marefu kuliko hotuba alizokuwa akizikemea. Bwana Shamba alipohimiza mikorosho ipandwe kwa mstari, Diwani ndiye aliyemtetea mbele ya wakulima, akawaambia kwamba mti usio na mstari ni kichaka. Mikorosho yake mwenyewe ilikuwa imetawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Bwana Shamba alipoiona akashindwa kujizuia.

"Diwani, na huu mstari wako uko wapi?"

"Bwana Shamba, mstari ni wa anayepita barabarani," akasema kwa utulivu. "Mimi napita ndani."

Siku ya uchaguzi wa madiwani, watu walitakiwa kusimama nyuma ya yule wanayemtaka. Safu ya Diwani na safu ya mpinzani wake, mwenye duka mmoja wa Kitangari, zilielekea kulingana. Karani alipokuwa tayari kuhesabu, Diwani aliondoka mbele ya safu yake, akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya mwenye duka. Watu wakapiga kelele. Karani akamwuliza kama amejitoa.

"Sijajitoa," akasema. "Lakini na mimi ni mtu wa kuchagua, na mtu hawezi kusimama nyuma ya mgongo wake mwenyewe."

Alishinda hata hivyo. Dada yake, Mama Somoe, mwanamke mwenye ulimi mkali, alicheka mpaka akakaa chini. "Angeshindwa kwa mtu mmoja," alisema, "mtu huyo angekuwa yeye!"

Sasa niyaeleze matuo, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mikono yake ilifanya na macho yangu yakaona. Uwanda wetu hauna maji. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza kabla haijatulia. Wanawake wa Chilangala huteremka genge, ule ukingo mkali wa uwanda, mpaka visimani bondeni, kisha hupanda na mitungi vichwani. Anayejua kubeba mtungi anajua pia kwamba taabu kubwa zaidi ya kubeba ni kutoweza kutua. Mwanamke akiwa peke yake njiani, akachoka, akautua mtungi chini, hakuna wa kumtwisha tena. Kwa hiyo hautui. Anapanda na shingo inayotetemeka, au anamwaga maji nusu ili aweze kujitwika mwenyewe.

Diwani alilipeleka jambo hilo barazani. Wenzake wakamwambia asubiri, serikali imekwisha kusema kwamba bomba litakuja. Alijibu kwa maneno machache kuliko yote niliyopata kumsikia akiyasema mahali pale: "Shingo haingoji bomba." Kisha akarudi Chilangala, akawaita wanaume, wakakata magogo. Walisimika magogo mawili yenye panda kando ya njia, wakalaza la tatu juu yake, usawa wa kichwa cha mtu, ili mwanamke asogee, ausukume mtungi wake juu ya gogo, apumzike, kisha ajiinamishe, auchukue tena kichwani bila kumwita mtu. Hilo ndilo tuo. Walijenga la kwanza katikati ya mwinuko.

Lilikuwa juu mno. Wanaume walikuwa wamelipima kwa vichwa vyao. Wanawake walisema, na wanaume wakajibu kwamba watazoea. Baada ya siku chache, wakati wa jua la asubuhi, Diwani aliteremka bondeni mwenyewe, akajaza mtungi, akajitwika. Nilikuwepo; nilikuwa nimewaleta wanafunzi wangu kulitazama genge kwa somo la jiografia, na somo likageuka. Kwetu mwanamume mzima habebi mtungi kichwani. Wanawake waliokuwa kisimani walimfuata nyuma kwa vigelegele.

"Jamani, bibi arusi huyo! Mahari yake nani kala?"

"Taratibu, mwali, usiangalie chini!"

Alipofika kwenye tuo alikunja magoti mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kichwa cha dada yake, ili apime kama mwanamke. Akausukuma mtungi. Ulikosa gogo, ukaanguka, ukapasuka, maji yakamwosha kuanzia kofia mpaka viatu. Mama Somoe akaviangalia vigae.

"Huo mtungi ulikuwa wa mama yetu," alisema.

"Basi gogo liko juu mno."

"Si tumekwambia tangu juzi?"

"Nilisikia," akasema Diwani, akikamua kanzu yake. "Sasa najua."

Jioni ile ile lile gogo liliteremshwa, likapimwa kwa paji la uso la Mama Somoe, na matuo yote yaliyofuata njia nzima yakapimwa hivyo hivyo. Siku hizi mwanamke wa Chilangala akikuambia kwamba mahali fulani si mbali, anasema ni matuo mawili, au matatu.

Hapa ndipo yanapoingia mambo ya kitabu, na ndipo nilipomfahamu Diwani zaidi ya vile ambavyo mwalimu humfahamu mkubwa wa kijiji jirani.

Walimu na makarani kadhaa wa Masasi na Newala tulikuwa tumeunda kamati ya kuandika kitabu cha watu mashuhuri wa Jimbo letu la Kusini, kiwe cha kusomwa shuleni. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba mtoto anayesoma habari za wafalme wa nchi za mbali peke yake atakua akidhani kwamba kwao hapakuwahi kutokea mtu. Katibu wetu alikuwa mwalimu mwandamizi, Mngoni wa Songea, mwenye miwani na subira. Alituwekea masharti mawili. Atakayeingia kitabuni awe ametenda jambo lililovuka mipaka ya kijiji chake. Na jambo hilo liwe limeshuhudiwa kwa maandishi, au na mtu asiye ndugu yake. Suala la madiwani lilizuka mapema.

"Tukiwaingiza kwa cheo tu," alisema Katibu, "hatutakuwa na kitabu cha watu mashuhuri. Tutakuwa na orodha ya mahudhurio ya baraza."

Nilikubaliana naye. Cheo ni kiti, na kiti hukaliwa na yeyote. Lakini nilisema kwamba ninamjua diwani mmoja anayestahili kwa matendo yake, nikapewa kazi ya kuandika habari zake.

Nilimkuta Chilangala akichuja asali. Nilipomweleza nilichokijia, aliacha kazi, akanawa mikono, akavaa kanzu, ndipo akaketi.

"Andika," akasema. "Wangoni walipokuja, mimi niliwaficha watu katika pango la gengeni, wazee na watoto, mpaka hatari ikapita."

Kalamu yangu ilisimama. "Baba Diwani, Wangoni walipokuja wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Nani amekuuliza nani alizaliwa? Andika. Wakati wa vita vya Wajerumani mimi niliwarudisha wapagazi waliotupwa ng'ambo ya Ruvuma, nikawafikisha kwao. Na juzi, umeona mwenyewe, nimejenga matuo."

Kwa msomaji asiye wa kwetu sina budi kueleza. Katika koo za upande wetu mtu mwenye jina akifa, jina lake halizikwi. Matanga yakiisha, mtoto wa dada yake huketishwa, huvikwa nguo ya marehemu, na watu humjia mmoja mmoja kumwamkia kwa jina lile. Tangu hapo yeye ndiye. Wajukuu wa marehemu humwita babu hata kama ni kijana. Deni la marehemu ni lake, ugomvi wa marehemu ni wake, na akisimulia mambo ya marehemu husema "mimi". Hadanganyi, na hakuna anayemsikia kuwa anadanganya. Jina la Diwani lilikuwa limepitia kwa watu wawili kabla yake: mmoja aliwaficha watu, wa pili aliwarudisha wapagazi, naye, wa tatu, alijenga matuo.

"Kitabu kinaandika habari za mtu mmoja, Baba," nilimwambia.

"Ndiyo. Ni mimi huyu."

Ndipo akanieleza jambo ambalo liliondoa utani usoni mwake. Mtoto wa kiume wa Mama Somoe alikuwa mmoja tu, fundi cherehani huko Mkomaindo, Masasi, rika langu, na alikuwa amekwisha kukataa kulirithi jina. Alisema ana jina lake, na wateja wake wanalijua. Mwingine wa damu ile hakuwepo.

"Sitafuti sifa, Mwalimu," akasema Diwani. "Nimechoka, na sina pa kulitua. Kama mpwa wangu halitaki, kitabu kilibebe."

Nilikaa na karatasi zangu siku nyingi. Ningeandika yote matatu chini ya jina moja, habari ingekuwa kubwa, na isingekuwa kweli kwa namna niliyofundishwa kuijua kweli. Mwishowe niliwatenganisha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na tendo lake. Diwani aliposikia kwamba kamati itakaa Masasi, alipanda lori la korosho akaja mwenyewe.

Alipoingia, Katibu alimwamkia kwa adabu, akamweleza masharti. Diwani alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo barazani hakulifanya.

"Unataka shahidi asiye ndugu yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Shahidi ni wewe."

"Mimi?"

"Mimi nilipokuwa pangoni na watu wangu, ni nani aliyekuwa akizunguka huko juu na mkuki, ananusa moshi? Si wewe, Mngoni?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, kwa kuwa Wangoni na sisi ni watani, na mtani hakasiriki. Katibu alivua miwani.

"Ningejua kwamba umo mle ndani, mtani," alisema, "leo tusingekuwa na shida ya kitabu."

Hakuna aliyecheka kumzidi Diwani. Alicheka mpaka akashika meza. "Amekiri!" akaniambia. "Mwalimu, andika kwamba amekiri!"

Katibu alifuta macho, akavaa miwani yake tena, na sauti yake ikawa ya kazi. "Nimekiri kwa mdomo wa babu yangu, mtani. Kitabu kinataka mdomo wangu."

Kamati haikuchukua muda mrefu. Wa kwanza hakuwa na shahidi wala maandishi. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu tulimwona wenyewe, na matuo yake tuliyajua. Lakini matuo, walisema, ni jambo jema la kijiji kimoja. Niliomba wayafikirie tena. Mjumbe mmoja akaniuliza, bila ubaya, kama kila aliyeziba shimo la barabara naye ataingia. Nikayatazama masharti niliyokuwa nimeyakubali mwenyewe, nikakunja karatasi zangu.

Nje, barazani pa nyumba ile, Diwani aliomba ugoro wangu, akijua kwamba sivuti.

"Umenipasua vipande vitatu," akasema, "kila kipande ukakipima peke yake, kila kimoja kikaonekana chepesi. Gogo moja si tuo, Mwalimu."

Alisema vile pasipo hasira. Tukatembea pamoja mpaka Mkomaindo, kwa mpwa wake. Yule fundi alikuwa kibarazani, mguu juu ya pedali ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Alimwamkia mjomba wake, akatuvutia viti, akauliza habari za kitabu. Nikamwambia.

"Na kitabu nacho kimelikataa?" akasema akitabasamu. "Basi Mjomba, sasa tuko wawili."

"Mwanangu, utani huo peleka kwa watani," nilimwambia, ingawa tulikuwa rika moja.

"Simtanii, Mwalimu. Jina si shati, kwamba nitalipunguza hapa na pale limkae mwingine. La mjomba ni kubwa. Lina wake zake, lina kesi, lina watoto waliokwisha kuota ndevu watakaoniita baba. Mimi nashona suruali."

Diwani alikuwa akipapasa kitambaa kilicholala mezani. Alikikunja vizuri, akakirudisha. "Hatujamaliza," akasema, na hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwa sauti yake ile. Lori lilikuwa likipiga honi.

Alifariki masika yaliyofuata, wakati barabara ya kupanda uwandani imekatika kwa matope, nami nilikuwa nimehamishiwa shule nyingine. Habari zilinifikia matanga yakiwa yamekwisha. Kamati iliendelea na kazi yake. Kitabu kinasonga mbele polepole. Kina machifu, kina makasisi na masheikh, kina mganga mmoja aliyewahi kuandikwa gazetini. Nikiulizwa kama tulikosea, ninasema kwamba masharti yalikuwa ya haki. Nikiulizwa kama yalitosha, huomba nipewe muda.

Mwaka huu, wakati wa likizo, nilikwenda Mkomaindo kushonesha suruali. Nilimkuta fundi yule yule, kibaraza kile kile, cherehani ile ile. Alikuwa amevaa kanzu niliyoifahamu, mikono yake imekunjwa mara mbili kwa kuwa ilikuwa mirefu. Wateja wawili wenye mvi walikuwa wakiaga, nao waliagana naye kwa unyenyekevu, wakimwita kwa lile jina.

Nilisimama nje ya kibaraza, macho kwenye kanzu. Akaniona.

"Ingia, Mwalimu. Unaitazama kanzu?"

"Inakupwaya," nilisema.

"Inanipwaya. Lakini haijanidondoka." Alikata uzi kwa meno. "Baada ya mazishi niliteremka gengeni na mama. Kwenye tuo la pili gogo lilikuwa limeoza, wanawake wamesimama na mitungi vichwani, hawana pa kuitua. Mama akasema, gogo limeoza, aitwe mwenyewe. Nikamwuliza, mwenyewe nani? Alinitazama tu, na wale wanawake nao wakanitazama, na maji yanawachuruzika shingoni." Akageuza kitambaa. "Yale matuo niliyoyajenga, Mwalimu, yalikuwa na gogo moja bovu. Nimelibadilisha. Na hili nalo utaliandika."

Alikuwa rika langu. Tulikuwa tumewahi kugombania mpira mmoja katika uwanja wa misheni, na ninajua alama ya kovu iliyoko gotini mwake kwa kuwa mimi ndiye niliyemwangusha. Nilivua kofia, nikapanda kibarazani, nikainama kama nilivyokuwa nikiinama Chilangala.

"Shikamoo, Baba Diwani."

"Marahaba," akajibu, macho yake yakiwa bado kwenye mshono, akanisogezea kiti kwa mguu. "Haya, tulifika wapi?"